Folda ya Barabara ya Kumi na Mbili

"Sema tena! Sema tena hivyohivyo, Mama Witness, mbele ya Serikali!"

"Nasema tena, kwani naogopa? Karatasi ndiyo iliyomwita mwanao mwizi, siyo mimi. Nenda kagombane na karatasi."

"Karatasi ilichapwa kwako!"

"Na ugali wako umesagwa mashine ya Hezekia. Ukikuumiza tumbo, utamkamata Hezekia?"

Vicheko vikatoka uchochoroni. Jumamosi ile watu walikuwa wamejaa nyuma ya soko la Lushoto kama kwenye ngoma. Wengine wamebeba makapu ya plamu, wengine hawana hata sababu ya kupita pale. Sajenti Eliaichi wa upelelezi alisimama kwenye pengo la uzio wa michongoma, mguu mmoja ua wa huyu, mguu mwingine ua wa yule. Upande wa juu alikuwa Rehema, mama yake Nasra, mikono imejaa vitunguu. Upande wa chini alikuwa Dorkasi, mama yake Witness, mwenye duka la steshenari lenye kompyuta. Kwa miaka ishirini na mitano wanawake hawa walikuwa wakiazimana moto na chumvi kupitia pengo lile.

Eliaichi aliikunjua karatasi iliyoleta balaa. Alfajiri ya Alhamisi, siku ya gulio, watu walizikuta kama hiyo ishirini na tatu, zimebandikwa kwenye nguzo za soko, mlangoni kwa bucha, hadi kwenye ukuta wa msikiti. Juu ilikuwa picha ya Nasra akitabasamu. Chini yake: ANATAFUTWA KWA WIZI WA KAMERA. Na chini kabisa muhuri wa kituo cha polisi, wa duara, wino umefifia upande mmoja kama muhuri wa kweli.

Muhuri haukuwa wa kweli. Kituo hakikuwa kinamtafuta Nasra. Lakini nani husubiri kituo kiseme?

"Mama Nasra," alisema Eliaichi, "wageni wako wanafika saa ngapi?"

"Saa saba." Sauti ya Rehema ilishuka. "Wameshatoka Mazinde. Mzee Salimu, baba mkubwa wa Jafari anayemposa Nasra, ndiye anayewaongoza. Ametuma neno jana: wanakuja kusikiliza. Kama jina la binti halijasafishwa leo, barua yao ya posa wanaichukua wanarudi nayo. Nimepika, Sajenti. Ndugu zangu wa Vuga wote wako ndani. Nitawaambia nini? Wale pilau ya aibu?"

"Aliyefanya unaye mahabusu," alidakia Dorkasi. "Hafidhi. Si alimtaka Nasra akakataliwa? Kila mtu anajua. Mwacheni aseme, mtuachie na duka letu."

"Hafidhi ni mfanyakazi wako."

"Mfanyakazi, si mwanangu."

"Nina swali moja kwenu wote wawili," Eliaichi alisema. "Nimepitia kitabu cha kituo mwaka mzima. Zimeibwa kuku, baiskeli, hata mlango. Hakuna aliyeibiwa kamera hapa mjini. Kwa nini kamera?"

Rehema akaanza kumenya kitunguu ambacho kilikwisha menywa. "Mimi na kamera wapi na wapi?"

Dorkasi, aliyekuwa na jibu kwa kila neno, alijifunga khanga upya akaangalia mlima.

"Haya," alisema Eliaichi. "Mama Witness, ufunguo upo kwangu tangu Alhamisi. Twende dukani."

*

Duka la Dorkasi lilikuwa kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa la ushirika. Wazee bado walisema "naenda ushirika" wakimaanisha wanaenda kutoa fotokopi. Pale watu walipopanga foleni ya sabuni, sasa palikuwa na mashine ya kunakili, kadi za harusi za mfano ukutani, na ile kompyuta kwenye meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya rangi ya chungwa.

Konstebo Mussa alimleta Hafidhi akiwa na pingu. Kijana alikuwa na miaka ishirini na nne, ndevu za siku mbili, na hasira za mwaka mzima.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Dorkasi kwa meno yaliyobana.

"Marahaba," alijibu Dorkasi, bila kumtazama.

"Mgosi, kaa," alisema Eliaichi, akimwita bwana kwa Kisambaa. "Mussa, mfungue. Karatasi hizi zimechapwa hapa. Printa ya hapa inaacha mstari mwembamba pembeni, na mstari upo kwenye zote ishirini na tatu. Picha ya Nasra ni ile mliyompigia ya paspoti, ipo humu. Mtu wa kuchora humu ni wewe. Nionyeshe muhuri unachorwaje."

"Sajenti, kwa programu hii ilivyo, muhuri ule sitoboi. Maandishi ya duara naweza. Lakini kuufifisha vile, wino uonekane umekolea huku na kukauka kule? Hiyo inataka plagini."

"Plagini ndiyo nini?"

"Kijiprogramu cha nyongeza." Hafidhi alikuna kidevu akitafuta njia. "Fikiria mpishi. Anajua wali na maharage. Akitokea mtu akamletea mtungi wa viungo vya pilau, naye anapika pilau. Programu ya kuchora ndiye mpishi. Plagini ndio viungo. Kuna ya kufanya picha ionekane ya zamani, kuna ya moshi, ipo hata ya kugeuza maandishi yawe kama yamegongwa muhuri."

"Na hapa mnazo?"

"Hakuna. Muulize mama mwenyewe."

Dorkasi alikubali kwa kichwa. Mwaka jana kirusi kilikula picha za harusi tatu, na mojawapo ilikuwa ya binti wa mchungaji. Baada ya hapo alimleta Davis, fundi kutoka Tanga, akaifunga kompyuta kwa neno la siri. Hakuna anayeweza kuongeza kitu kwenye folda za programu. Neno la siri analo Davis peke yake.

"Basi washa," alisema Eliaichi.

Hafidhi aliondoa kitambaa, akawasha. Mashine ikakoroma. Alipobonyeza programu ya kuchora, kabla haijafunguka vizuri, kikajitokeza kiboksi cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza. Mkono wa Hafidhi ukaenda kukifunga.

"Acha! Kinasema nini?"

"Aa, hiki kilianza Jumatano asubuhi. Nikadhani kirusi kimerudi." Akainama, akasoma polepole. "Kinasema… folda ya plagini haionekani. Folda yenyewe wameitaja hapa. F, halafu, BARABARA YA 12."

Eliaichi alivuta stuli akakaa. "Nifafanulie kama unavyomfafanulia bibi yako."

"Sawa. Programu ina folda yake ya plagini, jikoni kwake. Hiyo imefungwa na Davis. Lakini ukienda kwenye mipangilio, kuna mahali unaweza kuiambia: tazama na kule pia, kwenye folda yangu mimi. Unachagua folda yoyote. Halafu unaifunga programu, unaifungua upya, inapakia plagini zako kutoka huko."

"Bila neno la siri?"

"Bila. Na hii F siyo ya ndani ya mashine. Ni herufi inayokuja ukichomeka kitu kwa nje. Flashi. Mtu alichomeka flashi yake, akaionyesha programu folda, akafanya kazi yake, akachomoa akaondoka nayo. Ila programu haijasahau. Kila ikiamka inatafuta ile folda, haiioni, inalalamika."

"Unayo flashi?"

"Mimi? Sajenti, kiatu chenyewe hiki nimeazima."

Konstebo Mussa alicheka. Eliaichi hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake: *F. Barabara ya 12. Jumatano asubuhi.*

"Jumanne asubuhi kililalamika?"

"Hapana. Jumanne nilikaa hapa mpaka saa sita mchana, nikaenda Bungu msibani kwa mjomba. Nilirudi usiku kabisa. Asubuhi yake ndiyo nikakuta hiki."

"Kwa hiyo ni kati ya Jumanne mchana na Jumatano asubuhi. Mama Witness, Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Mazoezi ya kwaya."

"Duka uliliacha na nani?"

"Na kufuli."

Jibu lilitoka haraka, kama chenji iliyokwisha hesabiwa. Eliaichi aliliacha lipite.

"Mgosi, hata hivyo hujajiokoa. Ungeweza kuazima flashi kama ulivyoazima kiatu. Ungeweza kufanya haya yote Jumanne asubuhi, kisha uniambie kiboksi kilianza Jumatano."

"Siwezi!" Hafidhi aligeuka kuangalia skrini, na ghafla akatulia. Akaonyesha kwa kidole. "Sajenti, tazama hilo sanduku la vifaa. Brashi, kifutio, mkasi. Liko upande gani?"

"Kulia."

"Mimi natumia mkono gani?"

Eliaichi akakumbuka kalamu, glasi ya maji, hata ile ngumi Hafidhi aliyoikunja mbele ya Mussa siku ya kukamatwa: vyote vilikuwa mkono wa kushoto.

"Kila asubuhi," alisema Hafidhi, "jambo la kwanza ninaloburuta ni hilo sanduku, nalipeleka kushoto. Kila asubuhi nalikuta limerudi kulia. Mwaka mzima! Kwa sababu programu inaandika mipangilio yake pale unapoifunga kwa utaratibu. Na hapa haifungwi. Saa kumi na mbili kamili mama anakuja nyuma yangu, anazima swichi ukutani, pwaa! Nikiwa nimehifadhi kazi, nimehifadhi. Nisipohifadhi, imekula kwangu."

"Umeme ukirudi kwa kishindo unaunguza," alijitetea Dorkasi. "Redio yangu iliungua hivyohivyo."

"Sikulaumu, mama. Nasema tu. Sajenti, aliyeiweka hiyo folda aliifunga programu kwa utaratibu, ikaandika. Ningekuwa mimi, ingeandika na sanduku langu kushoto. Limebaki kulia. Aliyekaa hapa ni mtu wa mkono wa kulia, na ni mtu wa kuiaga kompyuta."

Eliaichi alimgeukia Dorkasi. "Mama Witness, hebu izime hiyo mashine."

Dorkasi aliinuka, akanyoosha mkono ukutani, akabonyeza swichi. Skrini ikafa.

"Ahsante," alisema Eliaichi.

*

Eliaichi alipiga simu akiwa amesimama kwenye ngazi ya nje, kwenye jiwe la tatu, mahali pekee mtandao uliposhika. Mussa alikuwa na uhakika wake tayari.

"Davis, afande. Mtu wa Tanga, na Tanga barabara zinaitwa kwa namba. Flashi hawezi kukosa. Alikuja Jumatatu kurekebisha printa. Ndiye."

Davis alipokea simu akiwa Pangani, kelele za kuku nyuma yake. Alikuwa huko tangu Jumatatu jioni, akifunga kompyuta za shule. Mwalimu mkuu akachukua simu kuthibitisha bila kuombwa, akauliza na habari za baridi ya Lushoto.

"Davis, unakaa barabara ya ngapi?"

"Ya tano. Kuna nini?"

Eliaichi akamwambia habari ya folda. Fundi akacheka mpaka simu ikakwaruza.

"Afande, neno la siri ninalo mimi. Nikitaka kuweka plagini nazitupa ndani ya folda ya programu yenyewe, kazi kwisha. Nihangaike na folda ya nje ya nini? Hiyo njia ni ya mtu asiye na ufunguo wa mlango, ndiyo maana amepitia dirishani."

"Barabara ya kumi na mbili kuna nini kinachohusu kuchora?"

"Kuna ofisi moja ya matangazo na kadi. Wana plagini nyingi wale, tena wakali kwa utaratibu. Ukizima kompyuta yao vibaya unafukuzwa."

Eliaichi alikata simu. Mtu asiye na neno la siri. Mwenye flashi. Wa mkono wa kulia. Aliyefundishwa kuifunga kompyuta na watu wakali. Anayeweza kuingia dukani wakati mlango una kufuli.

"Mussa, hapa mjini habari za watu anajua nani?"

"Mama muuza vitumbua, afande. Hadija. Pale kona."

Hadija hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alikuwa na habari kabla ya vitumbua kugeuzwa. "Kamera? Jamani Sajenti, wewe mgeni, wa Upare. Hukusikia habari ya Witness? Mtoto wa Dorkasi alikuwa na kazi nzuri Tanga, ofisi ya kutengeneza makadi. Mwaka jana mwezi wa tatu akarudi na begi. Mama Nasra ndiye aliyetuambia hapa hapa, na mkono kiunoni: kafukuzwa, kaiba kamera ya bosi. Ilizunguka soko zima kabla jua halijawa kali. Kanisani wakamtoa kufundisha watoto. Ofisi ya halmashauri ilikuwa imchukue, ikamnyamazia. Na wewe kula kitumbua, mbona umekonda?"

*

Witness aliingia dukani saa sita na robo. Msichana mrefu, mpole wa kutazama, sketi imepigwa pasi. Shingoni alikuwa na kamba nyeusi iliyozama ndani ya blauzi. Hafidhi na Mussa walikuwa uani. Dorkasi alikaa kwenye benchi la wateja kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Shikamoo, dada Sajenti."

"Marahaba, mdogo wangu. Hafidhi kanichosha, nimemrudisha. Nina tangazo la kukanusha ile karatasi, nataka lichapwe kabla ya saa saba. Mama yako hajui, nikasema wewe utakuwa unajua kidogo."

"Kidogo."

Alikaa. Akawasha. Kile kiboksi cha kijivu kikajitokeza, na kidole chake kikakifunga papo hapo, bila jicho kusoma hata neno moja, kama mtu anayempisha mbuzi wake mwenyewe mlangoni. Aliandika alichotajiwa, akachapa nakala moja. Dakika saba. Kazi safi.

"Nimemaliza, dada."

"Basi izime, twende."

Mama yake alifumba macho.

Witness akaifunga programu kwanza. Kisha akaenda chini kushoto mwa skrini, akabonyeza, akachagua, akakunja mikono mapajani kusubiri. Mashine ilichukua muda wake. Ilipojizima yenyewe ndipo aliposimama, akazima swichi ya ukutani, akaifunika kile kitambaa cha maua na kukinyoosha pembe zote nne.

"Nani alikufundisha kufunga hivyo?" aliuliza Eliaichi.

"Kazini. Bosi alikuwa anasema kompyuta huagwa."

"Ofisi barabara ya ngapi?"

Witness alikinyoosha kitambaa tena.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Barabara ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

"Nipe hicho ulichovaa shingoni."

"Sajenti," alianza Dorkasi, "mtoto hajala tangu jana, hebu kwanza…"

"Mama Witness, kijana wa watu amelala mahabusu siku mbili, na wewe unajua ufunguo wa akiba wa kufuli lile ulikuwa kwa nani Jumanne. Kaa."

Kamba ikatoka. Ufunguo mmoja, na flashi ya buluu yenye ukubwa wa kidole gumba. Eliaichi alimwita Hafidhi, naye akaichomeka, akawasha, akabonyeza programu ya kuchora. Watu wanne waliinamia skrini.

Kiboksi hakikutokea.

Programu ilifunguka kimya, imeridhika, kama mtu aliyeona kikombe chake kimerudi kabatini. Hafidhi aliteremsha orodha ya madoido. Mwisho kabisa palikuwa na jina jipya. Aliandika neno moja, POLISI, akalibonyezea lile jina jipya. Herufi zikafifia upande mmoja, zikakolea upande mwingine, wino ukaonekana umekauka palepale ulipokauka kwenye karatasi za soko.

"Mahabusu kuna blanketi moja, lina kunguni," Hafidhi alimwambia Witness kwa adabu kubwa. "Nimekuachia. Upande wa ukutani ndiko kuna baridi kidogo. Usiukose."

"Hafidhi, samahani. Wewe sikukukusudia."

"Mvua haimkusudii mtu. Ila nimelowa."

Witness hakulia. Alifungua pochi, akatoa barua iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka. Eliaichi aliisoma amesimama. Kichwa cha barua kilikuwa cha ofisi ya Barabara ya Kumi na Mbili. Kamera ilipatikana kwenye gari la dereva, mwajiri anasikitika, binti hana kosa.

"Nilizunguka nayo mwezi mzima," alisema Witness. "Mchungaji aliniambia niiache, ataisoma. Halmashauri waliniambia nirudi Jumatatu. Mama Nasra nilimpelekea mpaka mlangoni, akaniambia hana miwani. Hana miwani! Anahesabu nyanya mbovu kwenye tenga la mtu mwingine ng'ambo ya barabara! Basi nikasema, Lushoto haisomi barua. Inasoma nguzo. Wao walinibandika kwa midomo, mimi nikambandika mtoto wao kwa gundi. Nilitaka aonje wiki moja tu. Moja."

"Na siku ya posa uliijua."

"Niliijua vizuri sana."

Eliaichi alikunja barua, akaitia ndani ya daftari pamoja na flashi. "Kughushi muhuri wa kituo ni kesi, na utaijibu. Lakini kituo hakihami. Wazee wa Mazinde wakishafika, saa tisa wanahama. Tangulia."

*

Nyumba ya Rehema ilikuwa imetapika watu mpaka uani. Masufuria mawili yalichemka juu ya mafiga, wanawake wa Vuga wakikuna nazi na kusema watu, viatu vya wageni vimepangwa mlangoni pua nje, tayari kwa kuondoka. Ndani, juu ya mkeka, Mzee Salimu alikaa na wenzake watatu, kofia wima, mikono magotini. Mbele yake barua ya posa ikiwa katika kitambaa chake cheupe. Alikuwa ameiweka upande wa kwake.

Eliaichi alipopita kwenye pengo la michongoma na Witness mbele na Dorkasi nyuma, kukuna nazi kulisimama.

"Huyu?" alisema Rehema. "Huyu niliyemnyonyesha Dorkasi alipougua?" Mwiko ulikuwa mkononi, na mwiko uliinuka.

"Piga," alisema Witness. "Mwaka jana ulinipiga bila mwiko na niliumia zaidi."

"Nilikufanya nini mimi?"

"Kamera, Mama Nasra. Nani alisema niliiba kamera?"

Mwiko ulibaki hewani. Mwanamke mmoja wa Vuga alimnong'oneza mwenziwe. Mwenziwe akamwambia wa tatu. Eliaichi alitoa ile barua iliyotoboka, akaisoma kwa sauti ya mahakama, mpaka na tarehe. Kisha akamtaka Witness amalizie.

"Karatasi nilizitengeneza mimi," alisema Witness. "Muhuri wa uongo, wizi wa uongo. Nasra hajaiba hata sindano. Nitaingia nimwambie Mzee Salimu hivyohivyo, macho kwa macho. Lakini Mama Nasra aseme kwanza. Aseme alichosema sokoni, mbele ya hawa hawa."

"Mimi? Nimwombe radhi mtu aliyemtundika mwanangu kwenye nguzo ya bucha kama paja la mbuzi? Ng'o! Bora waende na barua yao!"

Ndani, Mzee Salimu alikohoa. Mkono wake ulikuwa umefika kwenye kitambaa cheupe.

Hapo Nasra akatoka. Tangu Alhamisi hakuna mtu wa nje aliyemwona. Alikuwa amevaa dera la kijani, ushungi umefungwa vizuri, mkononi birika na beseni la kunawia. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. Alipita katikati ya mama zake wa Vuga, akasimama mbele ya Witness.

"Siku ile mama anasema, nilikuwa nimekaa kando yake," alisema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulicheka."

"Nilicheka." Nasra alisogeza beseni. "Mama, weka huo mwiko."

"Nasra, mwanangu, usiingilie mambo ya wakubwa…"

"Picha iliyobandikwa ni ya nani, mama? Ya mkubwa yupi?"

Rehema aliuweka mwiko.

"Hakuna atakayesemea mlangoni," alisema Nasra, na sauti yake ilitosha kufika mkekani. "Mlangoni husemea mtu wa kupita, akisema anaondoka. Tumeandaa sinia kubwa. Mzee Salimu atakaa hapa, mama zangu wa Vuga watazunguka. Witness atakaa katikati, ale, kila tonge analoinua wamtazame, na kila mmoja amuulize anachotaka. Ajibu akiwa na chakula changu mkononi. Na wewe, mama, utakaa begani kwake. Utakula sinia hilohilo, utaulizwa habari ya kamera na hawa dada zako wa Vuga, na utajibu. Hatanyanyuka mtu mpaka sinia lionekane chini."

"Utanidhalilisha mbele ya wakwe!"

"Wakwe gani, mama? Bado sina. Ninao wageni."

Mzee Salimu, kule ndani, aliondoa mkono wake kwenye kitambaa. Akasogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi ya watu wawili.

Dorkasi alitaka kusema neno. Eliaichi alimshika kiwiko.

Nasra aliinua birika juu ya mikono ya Witness. Maji yakaanza kumwagika, ya uvuguvugu, polepole.

"Nawa vizuri, dada Witness," alisema. "Karibu ndani tule. Mama, lete mikono na wewe."